Kwenye kioo cha maabara chembe ya damu imepona. Na mtoto je?

Juzi shangazi alinipigia simu. Kapata chupa ya lita moja, haina lebo, dawa ya miti shamba ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, anataka kuanza kumpa mjukuu wake. "Imepimwa, mwanangu, imepimwa maabara kabisa."

Neno hilo "imepimwa" ndilo linalonikera. Mara nyingi maana yake ni hii: tone la damu ya mgonjwa limewekwa kwenye kioo na kutiwa metabisulfiti ya sodiamu, ambayo hunyonya oksijeni hadi chembe nyekundu zikajipinda kama mundu. Tone jingine likatiwa hiyo hiyo pamoja na maji ya mti. Mtu akachungulia kwenye hadubini, akahesabu zilizobaki duara. Ni kipimo kizuri, tena cha bei nafuu, na watafiti wa Kinshasa na wa Nigeria wamekitumia kwa miti mingi. Huko Ife, Nigeria, tangu 1971 iliandikwa kwamba mizizi ya mti ambao watu huutafuna kama mswaki hurudisha chembe katika umbo lake.

Lakini kioo hakina tumbo, wala ini. Vanilini, ile inayoipa vanila harufu, huzuia chembe kujipinda ukiitia kwenye damu. Ukiimeza inavunjwavunjwa kabla haijafika huko.

Simaanishi miti ni bure. Dawa ya Niprisan ilitokana na mapishi ya mganga wa kienyeji wa Nigeria, ikafanyiwa kazi na taasisi ya taifa ya utafiti wa dawa huko Abuja. Ndani yake kuna mbegu za jamii ya pilipili manga, mti wa ukoo mmoja na mninga wetu, majani ya mtama, na karafuu, hizi hizi tunazotia kwenye pilau. Wagonjwa 82 waliijaribu kwa zamu, mara dawa yenyewe, mara dawa bandia, na wala wao wala madaktari hawakujua ni ipi. Matokeo yalitoka 2001: mashambulizi ya maumivu makali yalipungua. Kampuni moja ya Marekani, Xechem, ikaiingiza sokoni 2006 kwa jina la Nicosan. Mwaka 2008 ikafilisika.

Kwa hiyo dawa ya miti iliyofika mbali haikuangushwa na mti, iliangushwa na pesa. Nami nasema fedha inayotumika kupima mti mpya kila mwaka kwenye kioo ingekusanywa, wakachaguliwa miwili mitatu, wagonjwa mamia wakafuatiliwa kwa miaka. Miaka, si wiki. Voxelotor, dawa ya kiwandani ya selimundu iliyoidhinishwa Marekani 2019, ilipandisha himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, vizuri tu. 2024 kampuni ya Pfizer ikaiondoa duniani kote, kwa sababu takwimu za wagonjwa zilionyesha maumivu na vifo vilivyotia shaka. Kipimo cha damu peke yake kisingeliona hilo.

Nikamwambia shangazi asithubutu kumwachisha mtoto haidroksiyurea, dawa yake ya hospitali, na siku ya kliniki aende na hiyo chupa amwonyeshe daktari.

"Wakiimwaga?"

"Hawaimwagi, shangazi. Watakuuliza tu ndani mna nini."

Akanyamaza kidogo. "Basi nitakwenda na nusu. Nusu ibaki nyumbani."