Chai iliyomkata mjomba kauli

Kesi hii imeshasikilizwa kwenye vikao vya ukoo, kwa wakwe na kwetu, na kila mara hukumu inaniangukia mimi. Leo nasema ya upande wangu, kwa kuwa hapa hakuna shemeji wa kunikatiza. Aliyeharibu chai ile ni mjomba mwenyewe.

Ni mjomba wa mke wangu, mtu wa Pemba, alikuwa amekuja Dar kuangaliwa macho. Wapemba nawaheshimu, nimeoa kwao. Ila mzee huyu haamini kwamba huku bara kuna kitu kinaitwa chai. Siku aliyofika tulimwekea strungi safi kabisa, yenye iliki. Akainusa, akakiweka kikombe chini taratibu kama mtu anayerudisha mahari, akasema, "Ahsanteni wanangu. Maji mmeyapasha vizuri."

Maji! Niliapa moyoni kwamba kabla hajapanda boti ya kurudi kwao, atakunywa chai yangu na ataomba kikombe cha pili.

Kesho yake nikitoka kazini nikapitia Kariakoo. Nikachukua mdalasini wa magome, iliki, pilipili manga na fungu la mchaichai. Majani ya chai sikutaka hata kuyaona. Nilitaka viungo vitupu. Ikabaki tangawizi. Mbichi ilikuwa imenyauka, na yule kijana muuzaji akanivuta mkono: "Bosi, achana na hiyo. Chukua kavu ya Same, hii inatoka milimani kule Upareni." Nikachukua kavu, kwa kipimo kilekile ambacho ningechukua mbichi.

Hakuniambia kitu, na hilo naomba liandikwe. Tangawizi ikikaushwa haipoi, inakasirika. Ile jinjeroli, kemikali inayowasha kiungwana kwenye mbichi, hugeuka, kwa sehemu yake, kuwa shogaoli, na shogaoli haijui uungwana. Haya nimeyasoma baadaye, wakati ambao kuyajua hakukuwa na faida tena.

Hata hivyo, hapo bado msiba haujaingia. Mpishi wa chai anaonja. Akiona imezidi, anaongeza maji, maisha yanaendelea. Msiba ulipitia kwenye jino.

Nilikuwa na gego limetoboka, na jioni ile lilikuwa limeamua kunikomesha. Mjomba akaniona nimeshika shavu. Akafungua kitambaa chake, ndani mna karafuu za kwao, nene, kila moja na kichwa chake. "Mwanangu, tia mbili hapo juu ya gego. Uzitafune polepole, wala usimeze." Nikatia nne, maana mbili niliona ni kipimo cha watoto. Haikupita muda maumivu yakakata. Halafu ganzi ikahama kwenye gego, ikaja kwenye ulimi, ikashukia mdomo wa chini. Kumbe ndani ya karafuu mna yujinoli, dawa ambayo madaktari wa meno wanaitumia makusudi kwa kazi hiyohiyo. Nilijipiga kofi dogo shavuni nikaisikia sauti tu.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo nikaingia jikoni kupika chai ya kuonja.

Nikatwanga ile tangawizi kinuni. Vumbi lake lilipopanda, mtoto akapiga chafya huko sebuleni, akauliza nani anakaanga pilipili. Nikamwambia afanye kazi za shule. Nikatia kila kitu kwenye sufuria, ikachemka, nikaonja. Harufu nzuri, ukali hamna. Nikaongeza tangawizi. Nikaonja: hamna. Nikaongeza pilipili manga, nikaacha ichemke vizuri, nikaonja tena: joto lipo, ukali bado. Nikamwaga tangawizi yote iliyobaki, nikakung'uta na karatasi. Wakati wote huo maji yalikuwa yanapungua sufuriani na mimi machozi yananitoka, nikawa naulaumu moshi. Jiko letu ni la gesi.

Mke wangu akachungulia. "Mbona nzito hivi?"

"Ndiyo chai ya viungo."

"Umeionja?"

"Nimeionja mpaka nimechoka."

Jibu hilo nalo limekuja kutumika dhidi yangu kikaoni.

Sebuleni walikuwa wamejaa: mjomba, mjumbe wa shina letu aliyekuja kumpa pole ya safari, na mama jirani. Mjomba alikuwa ameshaanza hadithi yake ya kimbunga. Ukioa kwao, hadithi hii unapewa pamoja na mke. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikailaza mikarafuu yake. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ufalme wa karafuu ukahamia kwao. Ni historia ya kweli. Lakini mzee akiisimulia utadhani mikarafuu ya Pemba aliishikilia yeye isianguke.

Nikamimina vikombe. "Karibu mjomba. Hii sasa siyo maji."

Akapokea kwa mkono wa kulia, akasoma bismillahi, macho bado yako kwa mjumbe. "Basi upepo ukaja, mjumbe. Ukaja, ukaja, ukapiga..." Akanywa funda.

Upepo uliishia hapo. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kofia yake kusogea nyuma bila mtu kuigusa. Halafu jasho likachomoza juu ya mdomo, tonetone, likafuata ncha ya pua. Jicho lenye mtoto wa jicho likatoa chozi; lile zima likakataa katakata. Mzee wa heshima hatemi kitu mbele ya mkwe, kwa hiyo akameza, na koo lile nililiona likipanda na kushuka kwa awamu.

"Ukapiga wapi, mzee?" mjumbe akauliza.

Mjomba akanyoosha kidole, akakizungusha. Kila mahali.

Mjumbe akadhani mzee amenyamazishwa na utamu. Akapiga mafunda mawili mfululizo. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Mtu huyu anaamulia ugomvi wa mipaka ya viwanja bila kupandisha sauti, na sasa sauti yenyewe hakuwa nayo. Akatoa herufi moja moja: "Ma... ji." Tukampa maji. Maji yakauchukua ule moto yakausambaza hadi sehemu zilizokuwa bado salama. Mama jirani, ambaye alikuwa angali anapuliza chake, akakishusha kikombe chini ya kiti na kukisukuma kwa kisigino.

Mke wangu akaja mbio na bakuli la maziwa mgando, wanaume wawili wazima wakawa wanapokezana kijiko.

Na mimi? Mimi nilijisikia vibaya kuona wageni wananidhalilisha. Nikakichukua kikombe cha mjomba, nikakinywa chote mbele yao, nikakigeuza juu chini. "Mbona ya kawaida?"

Pakawa kimya. Mjumbe alinitazama mtazamo wa mtu anayefikiria kunihamishia shina lingine.

Mjomba alipopata sauti, ilikuwa nyembamba, imetoka mbali. Hakuuliza nimetia nini kwenye chai. Aliuliza, "Mwanangu, karafuu ulitia ngapi?"

"Nne."

"Nilisema ngapi?"

Hapo ndipo kesi yangu inapopinduliwa kila mara. Lakini jiulizeni: nani alikuja na karafuu ndani ya nyumba hii? Nani alinitia ganzi huku akijua kwamba mimi ndiye mwonjaji? Swali hilo nimeliuliza kwenye kila kikao na sijajibiwa.

Ganzi ilikatika usiku nikiwa nimeshalala. Sitasimulia mengi. Nilimaliza maziwa ya mtoto, nikala mkate mkavu nusu, nikakaa barazani nimeachama upepo uingie, mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nikataka kuimwaga iliyobaki. Mjomba akanizuia. Akaimimina kwenye chupa, akaichovya kitambaa, akajichua goti, akatembea ukumbini mara mbili, akafunga kifuniko bila kusema neno. Chupa ikapanda boti naye. Juzi wamepiga simu kutoka Wete: wazee wenzake wanataka ile chai ya kuchua, na wamesisitiza nisiipunguze nguvu.

Mke wangu anasema sipiki. Mjumbe anasema naweza kupika, ila nimpe taarifa ya maandishi siku saba kabla.