Siku Saba kwa Mama, Siku Saba kwa Baba?

Wazazi wakitengana, dai linalosikika sana siku hizi ni kwamba mahakama ianzie nusu kwa nusu: mtoto alale wiki kwa mama, wiki kwa baba, na anayepinga ndiye atoe sababu. Wengi wanaolidai ni akina baba, na kinyongo chao kina msingi. Kwa muda mrefu mama alipewa mtoto mdogo bila maswali mengi, baba akabaki mgeni wa Jumamosi mwenye kutoa matunzo.

Ajabu, mambo yalianzia upande wa pili. Uingereza, mtoto alikuwa wa baba. Sheria ya 1839 ndiyo iliyomfungulia mama mlango wa kuiomba mahakama impe mtoto aliye chini ya miaka 7. Mizani imeelemea kote kuwili, na kila mara walioneemeka walisema ndivyo maumbile yalivyo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 9, unamtaja mtoto kuwa ndiye mwenye haki ya kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara, isipokuwa ikiwa kufanya hivyo kunamdhuru. Idadi ya siku haukutaja.

Ubelgiji ilichukua njia ya nusu kwa nusu mwaka 2006: mzazi mmoja akiiomba, hakimu huanza kuipima hiyo. Mwaka huohuo Australia iliweka dhana ya wazazi kugawana sawa maamuzi makubwa. Maamuzi, si siku; lakini wengi waliisoma kama nusu ya siku. Mwaka 2023 Bunge likaifuta, mojawapo ya sababu ikiwa usalama wa waliokimbia ukatili nyumbani.

Hapo ndipo ninaposita. Wazazi wanaoelewana hawafiki mbele ya hakimu, hupanga wenyewe. Wanaofika ni wale ambao daftari la hesabu likisahaulika nyumba ya pili Jumapili jioni, hakuna wa kupiga simu, na mtoto anakwenda shule bila daftari. Kanuni inayowafaa wanaosikilizana inakuja kuwabana wasiosikilizana. Na usiku una bei: Uingereza, pesa za matunzo huanza kupungua mtoto akilala kwa mlipaji siku 52 kwa mwaka. Si kila anayepigania usiku anampigania mtoto.

Hata hivyo, kukosa kanuni kuna ubaya wake, tena mkubwa. Aliyetangulia kuondoka na mtoto ndiye hushinda, kwa kuwa mahakama huogopa kuvuruga hali iliyokwishazoeleka. Kesi ikiahirishwa mara tano, hukumu imeshatoka kimyakimya.

Ningetenganisha mambo mawili. Maamuzi ya shule, matibabu na safari yawe ya wote wawili tangu mwanzo, pasipo hatari. Siku za kulala zipangwe kwa kumtazama mtoto mwenyewe, umri wake na umbali wa nyumba mbili, lakini amri ya muda ya kuonana itoke ndani ya wiki chache. Mtoto wa mwaka mmoja asiyemwona baba yake kwa miezi minane, akipelekwa kwake atalia. Na kilio hicho kitaandikwa kwenye ripoti kwamba mtoto hamtaki.