Futi ya buku moja

Juzi usiku kwenye grupu la ukoo mtu katupia ile picha. Wengi mtakuwa mmeiona maana imezunguka sana, mtoto kalazwa kwenye kanga, mwili mdogo kama wa mtoto wa miezi mitatu, kichwa kimejaa maji mpaka mishipa inaonekana, ule ugonjwa wa kichwa maji, macho yamezama chini, na maandishi mekundu kwamba usipoandika Amina huna roho. Amina zikamwagika. Nilihesabu mpaka 40 nikaacha. Shangazi akatuma mikono ya dua sita mfululizo. Binamu mmoja, na huyu ana digrii jamani, akauliza eti mama wa mtoto alikunywa nini mimba ikiwa changa.

Usiku ule sikujibu. Nikajibu asubuhi, vibaya, na sasa nimeambiwa niwaombe wazee radhi, kwa hiyo naandikia huku ambako shangazi hafiki.

Chini ya picha wameandika mtoto ana miezi 11. Kumi na moja! Kichwa hakioti usiku mmoja kama uyoga. Ndani ya hiyo miezi 11 mtoto amechanjwa wiki ya 6, ya 10, ya 14, akapelekwa tena miezi 9, katikati ya hapo kaning'inizwa kwenye mzani kila mwezi na kadi ikagongwa mhuri. Watu wazima wenye sare nyeupe wamemshika mkononi mara kumi na kitu, na hakuna aliyenyoosha futi ya fundi akazungusha kichwani kwake. Halafu leo mnataka Amina.

Mimi ni fundi cherehani, wanaonijua wanajua niko mkoa gani, wasionijua haiwahusu. Mwanangu alipofika arobaini nilimshonea kofia mwenyewe, kitambaa cheupe, nikampima sentimeta 38 nikaongeza moja ya kupumulia. Ilimkaa vizuri, picha tunazo. Baada ya wiki mbili mama yake anataka kumvalisha twende nayo msibani, haingii. Mke wangu akasema umeibana. Mimi? Nina miaka kumi na nane kwenye mashine, sijawahi kubana kofia. Nikachukua futi, 41. Nikapima tena nikidhani nimeanza kuzeeka macho. 41.

Wakati ule sikujua lolote, leo najua mpaka nakera watu. Mtoto anazaliwa na kichwa cha kama sentimeta 35. Miezi mitatu ya mwanzo kinaongezeka kama sentimeta 2 kwa mwezi, miezi mitatu inayofuata 1 kwa mwezi, halafu nusu nusu mpaka mwaka, anafika kama 46 au 47. Hiyo ndiyo elimu yote. Haizidi vipimo vya suruali moja. Wangu aliongeza 3 kwa wiki mbili.

Tukaenda kliniki. Sista akamweka kwenye mzani, akatabasamu, akasema, "Mama hongera, uzito unapanda vizuri kabisa." Unapanda! Ni maji ndugu zangu, kilo zilikuwa zinapandia kichwani. Nikamwambia sista samahani, mimi nimempima kichwa kimekua haraka. Akaniangalia, akaangalia futi iliyoning'inia shingoni kwangu, akasema, "Baba, kila ukoo na kichwa chake. Wewe mwenyewe jitazame." Kina mama kwenye benchi wakacheka, na mimi nikacheka, maana kweli kichwa ninacho.

Sawa, nakubali, na sikubali kwa kupenda: sista yule alikuwa peke yake na foleni inatoka nje mpaka kwenye mwembe, chanjo ni yeye, mzani ni yeye, kuandika kwenye rejesta ni yeye. Na nakubali jingine linalouma zaidi. Ilikuwa imebaki kama mwezi Idi ifike, nilikuwa na kanzu 26 za watu mezani, na aliponiambia ni kichwa cha ukoo nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu nilipata ruhusa ya kusubiri. Mama mkwe akaleta dawa ya kupaka utosini, tukapaka. Idi ikapita, utosi umevimba kama mkate, mtoto anatapika kila akinyonya, macho yameanza kushuka, na futi inasema 46. Miezi mitatu, kichwa cha mtoto wa mwaka.

Baada ya hapo ndiyo ikaanza safari ya barua. Zahanati inakuandikia barua kwenda kituo cha afya, kituo kinakuandikia wilayani, wilayani wanakwambia daktari wa watoto yuko semina njoo Jumatatu, Jumatatu anakuandikia mkoani, mkoani wanataka sitiskani na mashine haifanyi kazi, wanakuandikia Dar. Kila barua inasema kitu kilekile, "kichwa kikubwa", kitu ambacho hata kondakta wa basi alikiona bila barua. Wiki tano. Wiki tano za maji kukandamiza ubongo wa mtu anayejifunza kuona.

Na hapa ndipo huwa napandisha sauti. Utosi wa mtoto mchanga ni dirisha, mfupa haujafunga, kwa hiyo ile ultrasaundi ya kina mama wajawazito unaweza kuiweka pale utosini ukaona vyumba vya maji ndani ya ubongo vimetanuka au la. Hakuna mionzi, hakuna kumpa mtoto usingizi. Ultrasaundi ziko mpaka wilayani, nyingine ziko mpaka kwa watu binafsi karibu na stendi, wanakwambia wa kike au wa kiume kwa elfu kadhaa. Tumekalishwa tukisubiri mashine kubwa ambayo ni mbovu wakati ndogo iko chumba cha pili inatafuta jinsia.

Dar tulifikia Mbagala kwa kaka yangu, watu saba vyumba viwili, mungu awape kheri. Upasuaji wenyewe, nitasema ukweli, haukuwa na shida. Watu wanaogopa kichwa kupasuliwa lakini madaktari wetu wa ubongo wanaijua kazi hii kama mimi ninavyoijua kola. Mtoto akawekewa shanti, mpira mwembamba unaotoka kichwani, unapita nyuma ya sikio chini ya ngozi, unashuka shingoni mpaka tumboni, maji yanamwagikia huko na mwili unayafyonza. Saa moja na ushee, tukarudishiwa.

Kwenye ile wodi nililala chini wiki mbili, mke wangu kitandani na mtoto. Kina baba tulikuwa wawili. Wawili, wodi nzima. Kina baba wengine, mtajijua. Kulikuwa na watoto wa mgongo wazi vilevile, na huko nilijifunza habari ya foliki asidi, vitamini inayosaidia uti wa mgongo wa mtoto ufunge, na kwamba unafunga kabla mimba haijafika hata mwezi, yaani kabla mama hajajua ana mimba, kwa hiyo vidonge vya kliniki ya mwezi wa nne havina msaada kwenye hilo. Ndiyo maana sheria ya 2011 ikataka unga wa viwandani uongezwe virutubishi, foliki asidi ikiwemo. Safi, ila huku kwetu tunasaga mashineni kwa debe.

Dokta mmoja kijana, alikuwa anapita usiku hana haraka, ndiye aliyenifungua kichwa, samahani kwa neno. Akaniuliza mtoto aliwahi kuumwa akiwa mchanga? Nikakumbuka, wiki ya pili, kitovu kilitoa usaha, akachemka siku tatu, tukampa dawa ya duka. Akasema inawezekana ndiyo chanzo, hana uhakika. Akanisimulia habari za Mbale, hapo Uganda tu. Kuna hospitali ya CURE ya watoto tangu 2001, daktari Mmarekani anaitwa Benjamin Warf alikuta zaidi ya nusu ya watoto wenye kichwa maji wanaoletwa hawakuzaliwa nacho, walipata maambukizi wakiwa wachanga. Huyohuyo aliona mpira ukiziba mtoto yuko kijijini kilomita mia tatu anakufa, akaanza kuwafanyia kwa kamera, anatoboa tundu dogo humohumo kwenye ubongo ili maji yapate mkondo mwingine, anaunguza na vile vinyama vinavyotengeneza maji, hakuna mpira wa kuziba. Madaktari wa nchi za watu wakaenda kujifunza Mbale. Mbale! Na mwaka 2005 akatoa utafiti wa watoto 195, shanti ya India ya dola 35 na ile ya Marekani ya dola 650, baada ya mwaka hakuna tofauti. Nilipenda sana habari ile, maana wateja wangu nao wanadhani uzi wa bei ndiyo mshono.

Lakini oneni kitu. Mbale walifikiria njia nzima ya mtoto, mpaka anaporudi kijijini. Sisi tumefikiria meza ya upasuaji. Mbele ya meza kuna barua nne na nyuma ya meza kuna "rudini kliniki baada ya mwezi", nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na nikikosa nauli mpira ukiziba nani atajua? Sista wa kliniki? Kwa mzani?

Watasema kulikuwa na kambi. Kweli, madaktari wa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, walizunguka mikoani kwa udhamini wa GSM Foundation wakawapasua watoto wengi bure, na sina neno baya, Mungu awalipe. Ila kambi inapita kama mvua ya vuli, mtoto aliyeanza kuvimba wiki moja baada ya gari kuondoka afanyeje.

Bima sizungumzi. Toto Afya Kadi ilikuwa 50,400 kwa mwaka, 2023 wakasimamisha kusajili mtoto mmoja mmoja kwa sababu eti wazazi tunawakatia walio wagonjwa. Ee, nimkatie nani? Dawa za kifafa zinazokatika mwezi mzima sizungumzi. Kina mama wanaobeba mgongoni watoto wa miaka tisa wenye mtindio wa ubongo kufuata mazoezi sizungumzi, nitalia bure.

Nazungumzia futi. Najua kwa nini hatupimi. Mashine ya mabilioni inazinduliwa, kuna turubai, kuna ngoma, kuna kukata utepe. Sasa futi yenyewe ni utepe, utakata nini?

Nilipeleka mwenyewe futi tatu pale kliniki yetu, za jumla Kariakoo hazifiki buku moja moja. Nikamwonyesha sista, yuleyule, tumeshapatana: juu ya nyusi, izunguke kisogoni palipotokeza zaidi, usivute, pima mara tatu uchukue kubwa, andika kwenye kadi na tarehe. Mwezi mmoja si hoja, hoja ni mwezi huu na uliopita. Mwezi jana nimepita, futi moja imefungiwa pazia la chumba cha sindano, moja haionekani. Ya tatu ilikuwa imetundikwa kwenye ndoano ya mzani na imechakaa pale kwenye 40, na fundi anajua futi inachakaa pale inaposhikwa.

Mwanangu ana miaka 6 sasa. Anaongea kama redio, anatembea kwa kushika ukuta, anaona vitu vikubwa na rangi kali, uso wangu anaujua kwa sauti. Wiki tano zile, au Idi ile, sijui nigawe vipi.

Nimeifuatilia ile picha. Aliyeileta kaipata kwenye grupu la vikoba, wa vikoba kaipata kwa mtu wa Morogoro, wa Morogoro hajibu.

Leo mchana shangazi kapiga simu, nikajua ni radhi. Nikaanza, shikamoo shangazi, kuhusu yale maneno... Akanikata. Eti kuna mjukuu wa jirani yake ana miezi minne, kampima kwa kamba ya katani halafu akailaza kamba kwenye rula ya shule, imekuja 46 na kidogo, hiyo ni nyingi au? Nikamwambia shangazi, usikate, nipe mama yake mtoto niongee naye.