Spika ikivuma, tumlaumu nani: umeme au nyaya zetu?

Spika ikivuma wakati hakuna muziki unaopigwa, mtuhumiwa wa kwanza huwa umeme. Muuza vifaa atakwambia umeme wetu ni mchafu, kwa hiyo nunua kichujio, au badilisha waya wa amplifaya uweke ule mnene kama mpira wa kumwagilia bustani. Fundi wa mtaani atacheka, aseme huo ni wizi wa mchana, kata tu waya wa arthi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kwenye plagi na mvumo utakwisha. Kila mmoja ana chembe ya ukweli. Wa kwanza anaweza kukumalizia pesa, wa pili anaweza kukuua.

Kabla ya kumwamini yeyote, shusha sauti ya amplifaya hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, tatizo limo ndani ya amplifaya yenyewe, na mara nyingi ni kapasita za kulainisha umeme zilizochoka. Umeme wetu ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na kote ni wa hezi 50, yaani hutetema mara 50 kwa sekunde. Ukishageuzwa kuwa DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, mabaki yake huvuma kwa hezi 100, sauti ya kukoroma zaidi kuliko ule mvumo mzito wa 50. Hapo hata ununue kichujio cha milioni, kapasita iliyokufa haifufuki. Lakini mvumo ukipanda na kushuka pamoja na sauti, basi unaingilia kwenye nyaya za kuletea muziki, na huko ndiko kesi nyingi za majumbani ziliko.

Chukua laptop iliyo kwenye chaja ya pini tatu, imeunganishwa na amplifaya. Spika zinatoa mlio mwembamba unaobadilika kila ukisogeza mausi. Chomoa chaja, laptop ibaki na betri: kimya. Amplifaya bado inakula umeme uleule wa ukutani, hivyo ni vigumu kuutupia umeme lawama zote. Kilichotokea ni kwamba vifaa viwili vimefika kwenye arthi kwa njia mbili, na waya wa sauti umeziunganisha njia hizo zikawa duara. Mkondo mdogo unazunguka humo, unapita kwenye ganda la waya wa sauti, na amplifaya inaukuza kama sehemu ya wimbo. King'amuzi ambacho waya wake wa dishi umegusana na arthi huko nje hufanya hivyohivyo. Ukichomoa waya wa dishi na mvumo ukakata, umeshampata mhusika bila kutoa hata shilingi.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaosema umeme mchafu ni hadithi ya wauzaji. Sogeza redio ya AM karibu na balbu ya LED ya bei rahisi au chaja ya simu isiyo na jina, usikie inavyochachamaa. Uchafu upo. Ila redio hiyo imetengenezwa kunasa mawimbi ya mamia ya kilohezi, na sikio la binadamu linaishia kwenye kilohezi 20 hivi. Amplifaya iliyoundwa vizuri huyazuia mengi ya mawimbi hayo kwa transfoma na kapasita zake. Iliyoundwa kwa ubahili huyaruhusu yapenye.

Wanaolaumu umeme wanashinda waziwazi kwenye nyumba zinazotumia inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) za bei ya chini, zile ambazo wimbi lake ni la ngazi-ngazi badala ya kupinda taratibu. Wimbi la namna hiyo limebeba hezi 150, 250, 350 na kuendelea, zote ndani ya usikivu wetu. Transfoma inanguruma hata kwa mkono unaisikia. Hapo dawa ni inveta ya wimbi safi, ghali kweli, na sioni njia ya mkato.

Sasa turudi kwenye arthi, maana ndipo pande zote mbili zinapojikwaa. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za pini tatu ambazo tundu la juu halijaunganishwa na kitu, na wapangaji wamezoea kulichokonoa kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Vichujio vingi hufanya kazi kwa kuumwagia uchafu kwenye arthi. Kama arthi haipo, uchafu huo hukaa kwenye bodi la chuma la kifaa, ndiyo maana ukiligusa vidole vinawashawasha. Umelipia kichujio na umeongeza tatizo. Na yule anayekata waya wa arthi ili kuua mvumo ameondoa kinga kuu iliyokuwepo siku waya wa moto utakapogusa bodi ndani ya amplifaya.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ningempa fundi umeme apime arthi. Baada ya hapo, amplifaya, televisheni na king'amuzi vichomekwe kwenye ekstensheni moja, maadamu mzigo hauizidi uwezo, na nyaya za sauti zisilazwe sambamba na za umeme. Mvumo ukikataa kuondoka, kuna kijitransfoma cha kutenganisha kinachowekwa kati ya king'amuzi na amplifaya, kwenye waya wa sauti. Kinakata duara na waya wa arthi unabaki mahali pake. Vile vidogo vya bei rahisi hupunguza besi, kwa hiyo mwenye sabufa ajaribu kwanza dukani kwa wimbo anaoujua.