Mafunzo ya waendeshaji wa mashine za kuvunia miti: saa zinazookolewa na simuleta ziende wapi?

Kila mtaala wa waendeshaji wa mashine za kuvunia miti unapopitiwa upya, ubishi huwa uleule: saa. Upande mmoja unataka simuleta zaidi (kiti na vishikio vya kuigizia kazi mbele ya skrini), kozi fupi, na mwanagenzi apelekwe mapema kwa mkandarasi akajifunzie kazini. Upande wa pili unataka saa nyingi kwenye mashine halisi chini ya macho ya mwalimu, na karakana isipunguziwe hata siku moja. Wote wana hoja za kweli. Tatizo ni kwamba wanabishania kama simuleta inafaa, swali ambalo kwa sehemu kubwa limeshajibika, na kuacha lile zito zaidi: saa inazookoa zifanyiwe nini.

Kazi yenyewe iko hivi. Katika mfumo wa kukata magogo palepale mti unapoanguka, mashine mbili hufuatana. Havesta, kwa kifaa kilicho ncha ya kreni kiitwacho kichwa, hushika mti, huukata, huulaza, huukwangua matawi na kuukata vipande vya urefu uliopangwa. Fowada huja nyuma, hupakia magogo na kuyatoa hadi kando ya barabara. Mti mmoja huchukua chini ya dakika moja, na ndani ya muda huo mwendeshaji wa havesta ameshaamua mti uangukie wapi, ukatwe vipande gani, matawi yabaki wapi na mti unaofuata ni upi. Mgeni kwenye havesta kwa kawaida huanza na takriban nusu ya uzalishaji wa mzoefu, na humchukua miezi mingi kuliziba pengo hilo. Hakuna shule inayoweza kulimaliza lote kabla ya cheti. Kwa hiyo kinachoamuliwa kwenye mtaala ni sehemu gani ya pengo hilo izibwe shuleni na ipi iachwe kwa mwajiri.

Kwa mkono wa kreni, simuleta ina hoja isiyopingika. Mwendeshaji ana vishikio viwili, na kwa hivyo viwili anainua bumu kuu (mkono mkubwa wa kreni), anakunja bumu la pili, anarefusha teleskopi na kuizungusha kreni nzima. Anayeanza hufanya moja baada ya jingine: anainua, anasita, anarefusha, anasita, anazungusha. Mzoefu huunganisha miendo mitatu kwa pamoja, ncha ya kreni ikaenda moja kwa moja hadi kwenye shina. Huo ni ustadi wa misuli, unajengwa kwa kurudia maelfu ya mara. Ukirudia kwenye mashine halisi, kila kosa lina gharama: shina la mti ambao haukukusudiwa kukatwa limechubuka, baa ya msumeno (bamba la chuma linaloshika mnyororo) imepinda, mpira wa haidroliki umenaswa na tawi ukang'oka, na dizeli inaungua muda wote. Kwenye simuleta kosa halichubui kitu, na mwalimu anaweza kurudia kitendo kilekile mbele ya darasa zima.

Wanaoipinga nao wana la kusema. Skrini haimpi mwanafunzi kina cha umbali kama macho yake msituni. Kiti hakilali mashine inapopanda jiwe lililofichwa na majani. Mti wa simuleta hauna uozo ndani, hauna panda iliyojificha nyuma, hauegemei jirani yake kwa sababu ya upepo. Lakini lawama kubwa zaidi ingeenda kwa alama. Programu ikimpima mwanafunzi kwa mita za ujazo kwa saa tangu wiki ya kwanza, atajifunza haraka, na atajifunza vibaya: kuvuta mti kwa kasi yote bila kutazama ncha inakopita, na kugusa miti inayobaki kwa sababu haitoi damu kwenye skrini. Hilo linarekebishika. Wiki za mwanzo alama zihesabiwe kwa michubuko, kwa baa iliyobanwa na shina, na kwa ulaini wa mwendo. Kasi iingizwe baadaye. Mwanafunzi asiyefikisha kiwango hapo asipande mashine halisi. Simuleta inafaa sana ikiwa mlango, na inadhuru ikiwa mbadala.

Mjadala wa kreni zinazojiongoza unafanana na huo. Mifumo hii, ambayo John Deere iliileta sokoni kwenye fowada mwaka 2013 na watengenezaji wengine wakafuata, humwezesha mwendeshaji kuongoza ncha tu. Kompyuta ndiyo inayopanga silinda ipi isogee kiasi gani. Mwanafunzi hushika haraka zaidi, na mabega yake yanachoka kidogo. Baadhi ya walimu wanataka kila mtu aanze na mfumo huo moja kwa moja. Mimi ningesita, kwa sababu ya kawaida kabisa: mashine hizi hufanya kazi kwa maelfu ya saa na kuuzwa mkono wa pili, wa tatu. Kijana mwenye cheti cha leo ana uwezekano mkubwa wa kukabidhiwa mashine ya zamani kwanza, kwani mashine mpya hupewa mzoefu. Afundishwe njia zote mbili, ile ngumu ikianza.

Karakana ndiko ninakohofia zaidi, kwa kuwa ndiko saa zinakokatwa kimyakimya. Hoja ya kuzikata si ya kipuuzi. Mashine za sasa hujichunguza zenyewe, hutoa msimbo wa hitilafu, na fundi wa kampuni anaweza kuzisoma kwa mtandao akiwa mbali. Kufumua injini darasani ni muda uliopotea. Mwendeshaji hatafanya hivyo kamwe. Hilo nakubali, liondolewe. Lakini hakuna msimbo unaobadilisha mpira uliopasuka.

Utazame mpira huo kwa karibu. Mara nyingi ni ule unaoshuka kwenye kichwa cha havesta, pale rota (kiungo kinachokizungusha kichwa) inapozunguka, kwa sababu hapo unajikunja, unasokotwa na kusuguana siku nzima. Pampu inayotoa lita 240 kwa dakika inamwaga lita 4 kila sekunde ikiwa inasukuma kwa nguvu zote. Anayechelewa sekunde 10 kuzima ameacha lita 40 za mafuta kwenye udongo. Baada ya kuzima, kichwa kiwe kimelala chini, na presha iliyobaki itolewe, pamoja na ile iliyofungiwa kwenye akyumuleta, chombo kinachohifadhi mafuta yenye presha. Kama mashine ina pampu ya kufyonza hewa kwenye tangi la mafuta, iwashwe, ili mafuta yasitoke kwa wingi kiungo kikifunguliwa. Kiungo kisafishwe kabla ya spana kukigusa. Ncha zote zizibwe papo hapo. Mpira mpya ufungwe bila kusokotwa: mstari wa maandishi ubavuni mwake uwe mnyoofu kutoka mwanzo hadi mwisho. Oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) iwe mpya, mashine iwashwe polepole, kiwango cha mafuta kitazamwe.

Wanafunzi hukosea pale pale kila mara. Asiyesafisha kiungo huingiza mchanga, mchanga unafika kwenye vali, na siku chache baadaye bumu linaanza kunata au kushuka lenyewe. Aliyesokota mpira ataubadilisha tena wiki hiyohiyo. Hatari zaidi ni yule anayetafuta uvujaji kwa kiganja. Kwa presha ya bar 200 na zaidi, mafuta yanayotoka kwenye tundu lisiloonekana hupenya ngozi. Kidonda huonekana kama kimechomwa na sindano, hakiumi sana mwanzoni, na bila upasuaji wa haraka mtu anaweza kupoteza mkono. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi. Haya yote hayamo kwenye simuleta yoyote, na mwanafunzi hawezi kuyashika kwa kuyaona mara moja.

Mnyororo wa msumeno una uzito uleule. Unazunguka kwa kasi ya hadi mita 40 kwa sekunde, sawa na kilomita 144 kwa saa. Ukikatika, ncha iliyo huru huchapa kama mjeledi, kisha kipande cha mwisho hukatika tena na kuruka kama risasi. Ndiyo maana kioo cha kabini anamokaa mwendeshaji ni polikaboneti (plastiki ngumu) nene, kuna kiwango cha kimataifa cha ISO 11839 kwa ajili hiyo, na ndiyo maana watu hukaa mbali na havesta inayofanya kazi, kwa kawaida mita 70 hadi 90 kulingana na kitabu cha mashine. Ila umbali huo haumlindi aliye kwenye mstari wa baa, kwani kipande kinaweza kufika mbali zaidi. Mwanafunzi anapaswa kuzoea kugeuza kichwa cha havesta ili wakati wa kukata, mstari huo usielekee kabini wala watu. Mnyororo butu, wenye nyufa, uliokosa mafuta au uliokazwa vibaya ndio unaokatika. Na kioo hicho huharibiwa na petroli na viyeyusho. Kioshwe kwa sabuni laini na maji. Nimeona mitaala inayoweka jambo hili kwenye ukurasa wa kanuni za usalama na kuliacha hapo, wakati linahitaji kazi ya mikono kila asubuhi ya mafunzo.

Kuhusu vipimo, wanaotaka mtaala mpya ndio wenye haki. Mtaala wa zamani ulimfundisha mtu kukata. Leo havesta ni chombo cha kupimia pia. Gurudumu dogo linalobanwa kwenye shina hupima urefu, na pembe ya visu vya kukwangulia au ya roli hupima kipenyo. Kompyuta hupanga vipande kwa kufuata bei na mahitaji ya kiwanda, na takwimu hutumwa kwa muundo wa pamoja uitwao StanForD, unaosimamiwa na Skogforsk ya Uswidi. Mwendeshaji asiyejua kinachoendelea humo atakuwa akituma makosa kwa mamia ya magogo kwa siku.

Chukua gogo lenye kipenyo cha sentimita 20. Kosa la milimita 4 ni asilimia 2 ya kipenyo, lakini ni asilimia 4 ya ujazo. Kwenye urefu mambo ni makali zaidi: kiwanda kinachonunua kwa hatua za sentimita 30 kikipokea gogo la mita 4.87 badala ya 4.90, kinalihesabu kuwa la mita 4.60. Sentimita 3 zimekula 27. Gurudumu linaweza kuteleza pale gome linapokuwa na utomvu mwingi, au linapobanwa kwa presha ndogo, au linaporuka juu ya vifundo vya matawi. Dawa ni kupima miti ya udhibiti iliyochaguliwa na mashine bila kumwuliza mwendeshaji, kwa tepu na kalipa (kifaa cha mkono cha kupimia kipenyo), kipenyo mara mbili kwa pembe mraba. Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kurekebisha kompyuta kwa sababu ya mti mmoja ulioenda kombo. Huo mmoja unaweza kuwa na umbo baya tu. Kinachorekebishwa ni mwelekeo unaojirudia kwenye miti mingi. Somo hili linahitaji siku nyingi msituni na mwalimu mvumilivu, na hapa ndipo ningeziweka saa nyingi zilizookolewa.

Udongo nao una madai yake. Fowada ya ukubwa wa kati ikiwa imejaa inafikia karibu tani 30, na sehemu kubwa ya kushindiliwa kwa udongo hutokea mashine inapopita mara chache za mwanzo. Kwa hiyo anayeamua hali ya njia ni mwendeshaji wa havesta aliyetangulia: akimwaga matawi mbele ya magurudumu yake, fowada itatembea juu ya godoro; akiyamwaga pembeni, itachimba mitaro na kukata mizizi. Katika upunguzaji wa miti, yaani kukata baadhi ili iliyobaki ikue, njia huwa na upana wa mita 4 hivi na nafasi ya mita 20 kati yake, kwa kuwa kreni hufika mita 10 kila upande. Mwanafunzi wa havesta aendeshe fowada kwanza. Akishakwama kwenye njia iliyokosa matawi, hahitaji mhadhara.

Mafunzo kazini yanabaki, na humo kila upande unaficha kitu. Ufini ilibadilisha sheria yake ya mafunzo ya ufundi, mpya ikaanza mwaka 2018: cheti kinafuata umahiri ulioonyeshwa badala ya muda wa kukaa darasani, na sehemu kubwa zaidi ya kujifunza inaweza kufanyika kazini. Kwa mashine zinazozeeka haraka shuleni, hilo lina mantiki. Mkandarasi ana mashine mpya, msitu halisi na hali ya hewa halisi. Lakini mkandarasi hulipwa kwa mita za ujazo. Mwanagenzi anayezalisha nusu ni hasara yake, hivyo humweka kwenye fowada akirudia safari zilezile, au kwenye zamu ya usiku peke yake ambako hakuna wa kumsahihisha. Sioni kosa la mkandarasi hapo. Anayepokea mwanagenzi afidiwe kwa uzalishaji unaopotea, mwendeshaji anayemfundisha apewe siku zake za mafunzo ya kufundisha, na saa za mwanagenzi ziandikwe kwa aina ya kazi: ngapi upunguzaji, ngapi uvunaji wa mwisho, ngapi matengenezo.

Na mtihani usifanywe na mwajiri huyohuyo. Mtahini wa nje aje na mambo manne. Mpira mmoja wa kichwa cha havesta ubadilishwe kwa hatua zake zote, mnyororo ukaguliwe na mtahiniwa aseme kwa nini anaukubali au anautupa, miti 5 ya udhibiti ipimwe na matokeo yaelezwe bila kugusa marekebisho yasiyohitajika, kisha mita 100 za njia ya upunguzaji zivunwe na kutembelewa kwa miguu, michubuko ikihesabiwa mti kwa mti. Kasi irekodiwe, ila isimwangushe mtu. Hiyo ataipata kazini.