Ubeti Niliousulubu Mbele ya Darasa

Kwa kuwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa ameketi nyuma ya darasa ameshaisambaza habari hii, na katika simulizi lake eti nilitoka mbio, naomba niieleze mwenyewe. Sikukimbia. Nilibaki palepale, kalamu mkononi.

Somo lilihusu namna ya kuifanya akili mnemba kuwa mshirika wa utunzi bila kuiachia utunzi wenyewe. Nilikuwa nimeandaa beti mbili za mapenzi, mmoja wa mashine na mwingine niliouokota katika daftari langu la ujana, kisha nikamwagiza mwanafunzi afute majina na kuchanganya mpangilio, ili wenzake wayahukumu maneno bila kumjua mtunzi. Mimi, nilijiambia, wangu nitautambua hata gizani.

Ubeti wa kwanza ukatokea ubaoni: "Machozi yanitoka, kama mto wa masika." Nikacheka. Nikawauliza wanafunzi ni binadamu gani aliyewahi kupenda angeandika hivyo. Nikapigia mstari kipande cha kwanza, tukahesabu mizani, yaani idadi ya silabi, kwa sauti, ma-cho-zi-ya-ni-to-ka, huku nikigonga ubao kwa kila silabi hadi saba, na mahali pa pigo la nane, lililohitajika ili mizani itimie, nikaacha kimya kirefu chenye maringo. Nikafafanua kwamba mashine haisikii silabi, bali huyakata maneno katika vipande vyake yenyewe na kubashiri kipande kinachoelekea kufuata, ndiyo maana hujikwaa penye urari wa mizani. (Maelezo hayo ni sahihi, tafadhali msininyang'anye hata hayo.) Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kusema "moyo haukosei hesabu" pale yule mwanafunzi aliponyoosha mkono, polepole, kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba.

"Samahani, mwalimu. Huu ni wako."

Hawakucheka mara moja. Kwanza walinitazama, kisha wakautazama ubao, kisha wakanitazama tena.

Yaliyofuata ni mafupi. Ubeti wa mashine ulikuwa na mizani kamili, ila wanafunzi waliuchambua wakakuta ndani yake methali ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Mashine ilipoulizwa imeitoa wapi, ikaomba radhi na kubuni nyingine. Mwanafunzi mmoja akaitaka ihakiki ubeti wangu, nayo ikausifu kwa "urari usio na dosari", sifa iliyoniuma kuliko vicheko vyote. Nimepewa hadi Jumatatu kuurekebisha, na wamesema watataka kuziona rasimu zote.