Kwetu ni hamsini, Uingereza ni weupe

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukahamia Uingereza, neno Whitsun tunalisikia kwa wazee wa kanisani tu. Vijana hawalijui. Kumbe ni Pentekoste ileile.

Pentekoste ni Kigiriki, maana yake "ya hamsini". Wayahudi waliosema Kigiriki waliiita hivyo Sikukuu ya Majuma, ile iliyoagizwa ihesabiwe katika Mambo ya Walawi 23. Whitsun ni "Jumapili Nyeupe", na maelezo yanayokubalika zaidi ni nguo nyeupe za waliobatizwa siku hiyo. Tangu zama za kati wapo wanaodai limetokana na "wit", yaani akili, kwa kuwa Roho aliwapa mitume hekima. Linavutia, lakini Kiingereza cha karne ya 11 kiliandika "nyeupe" waziwazi. Na padri siku hiyo huvaa nyekundu, huku na kwetu pia, kwa ajili ya ndimi za moto.

Tunaona jina letu ni bora, kwa sababu limebeba hesabu. Jumapili ya Pasaka ndiyo siku ya 1, inayofuata ni ya 8, na Jumapili ya nane inaangukia siku ya 50. Wengi hukosea kwa kuanza kuhesabu Jumatatu, wakaishia Jumatatu. Njia ya mkato: chukua tarehe ya Pasaka, ongeza 49. Pasaka ya 2026 ni 5 Aprili, basi Pentekoste ni 24 Mei.

Uingereza walikata uzi huo. Jumatatu ya Whitsun ilikuwa mapumziko kwa sheria ya 1871. Sheria ya 1971 ikaweka badala yake Jumatatu ya mwisho ya Mei, Pasaka iwe mapema au ichelewe. Mwaka 2025 mapumziko yalikuwa 26 Mei, Pentekoste 8 Juni. Mwaka 2026 vinakutana, na anayeona hivyo hudhani ni kawaida. Usipange ubatizo kwa kufuata mapumziko.

Nyumbani, Kenya na Tanzania, Jumatatu hiyo watu wako kazini, lakini Jumapili yenyewe haijawahi kuachana na Pasaka. Kinachotusikitisha ni kwamba sasa ukitaja Pentekoste, wengi hufikiria madhehebu, wakati Wapentekoste ndio waliochukua jina kutoka kwenye siku. Walimu wa kipaimara wangewapa watoto kalenda na penseli, wazihesabu wenyewe zile Jumapili nane.